Vipele Nyumbani kwa Mkaguzi

Tarehe 3 Machi

Dada,

Shikamoo naiweka mbele kabisa, nisije nikaambiwa nimekosa adabu kabla sijafika mstari wa pili. Mimi mzima kama kengele ya shule. Mama mzima, ila goti lake bado linatabiri mvua, na juzi lilikosea, tukaanua nguo bure. Bado yuko pale ofisi ya maji, anafagia na kuwapikia mabosi chai. Anatoka saa kumi na mbili asubuhi, anarudi saa kumi jioni akisema miguu aliyorudi nayo si yake.

Mwanao naye mzima. Lile jina la Meneja limemganda, hata mwalimu wake wa chekechea anamwita hivyo. Jana kanisimamisha mlangoni, mikono kiunoni. "Mjomba, umenawa?" Nikasema nimenawa. "Onyesha." Nikaonyesha. "Rudia." Huyo ana miaka mitano, dada. Akifika kumi tutamhamia jirani.

Sasa kaa vizuri kitini. Mdogo wako nimepata kazi. Ndiyo, mimi mimi, yule uliyesema nikiacha shule kidato cha pili nitaishia kufukuza kuku wa watu. Zahanati ya mtaa imenichukua kwa miezi mitatu. Nina kitambulisho chenye picha, na kwenye picha nimetoka vizuri kuliko uso wangu wenyewe.

Habari ni hii. Tetekuwanga imeingia mtaani. Ilianzia shule ya kule nyuma ya soko, sasa kila nyumba ya tano kuna mtoto anajikuna. Muuguzi mkuu, mama mmoja mwembamba asiyecheka hata umtekenye, ametoa amri: mtoto akitoka vipele akae ndani mpaka malengelenge yote yakauke, yawe vigaga, kama siku kumi hivi. Asiende shule, asiende dukani, asiende bombani. Sasa anataka kujua watu wanaifuata amri hiyo kiasi gani. Hamfungi mtu wala hamtozi mtu, anataka kujua tu. Kazi yangu ni kuingia kila nyumba yenye mgonjwa mara tatu bila taarifa, niulize, nitazame, niandike.

Wenzangu wawili wanauliza mama wa nyumba: "Mtoto yupo ndani?" Mama anasema yupo, wanaandika yupo. Wajinga hao. Mimi natazama nyayo. Mtoto aliyekaa ndani siku tatu, nyayo zake ni safi kama za bibi harusi. Ukikuta vumbi mpaka kwenye kifundo, hata mama aape kwa mbingu na nchi, huyo ametoka.

Kuna mwalimu wa hesabu hapa mtaa wa pili. Nimefika, kasema mwanawe mgonjwa yupo, amelala. Nikasema naomba nimpe pole. Akaingia ndani, akakaa huko weee, akatoka na mtoto amefungwa shuka mpaka shingoni. Nikafunua kidogo. Dada, ngozi laini kama sahani, kipele hata cha dawa hakuna. Alikuwa mdogo wake! Mgonjwa amepelekwa masomo ya ziada. Mwalimu wa hesabu: mmoja amemtoa, mwingine amemweka, anategemea jibu libaki lilelile.

Muuguzi aliposoma fomu yangu kanitazama mara mbili. Kwa mtu kama yule hiyo ni hotuba.

Niandikie. Kiwandani wanakulisha?

Mkaguzi Mkuu (jizoeze kuniita hivyo),
mdogo wako


Tarehe 14 Machi

Mdogo wangu Domo,

Shikamoo yako nimeipokea, sijui kama imetoka moyoni au kwenye kalamu tu. Mimi sijambo. Mpe mama pole ya goti, mwambie asiliamini sana. Mbusu Meneja, halafu umwambie mama yake amesema arudie tena kukunawisha.

Huku kazi ni ileile, sare za shule. Nimehamishwa kutoka mifuko kwenda kola. Kola mia mbili na kumi kwa siku, na msimamizi anapita nyuma yetu akipima kwa rula. Nikilala naota shingo. Wanatulisha, ndiyo, ingawa siku hizi chakula na mimi hatuelewani sana. Joto tu.

Nimefurahi kwa kazi yako, nasema bila utani. Ila nimesoma barua yako mara mbili nikaona kitu kimoja: unawacheka sana. Huyo mwalimu huenda ana sababu. Mtu haazimi mtoto wake mwenyewe kwa raha. Muulize siku moja, kabla hujamfunua mtu shuka.

Nina swali. Muulize mama kama mimi niliwahi kuugua tetekuwanga nikiwa mdogo. Muulize kama habari ya kupita tu, usifanye kikao. Wewe uliugua nakumbuka, una lile kovu puani unalosema umelipata vitani. Mimi sikumbuki.

Usipige simu ya ofisini kunijibu. Simu iko mezani kwa msimamizi, naye anasikiliza ya watu kama taarifa ya habari.

Dada yako


Tarehe 29 Machi

Dada Kola,

Usishangae nimechelewa, nyumba zangu zimefika arobaini na moja, soli ya kiatu cha kulia imeniaga. Sote wazima. Mama anakusalimu, amenunua ndoo mpya na hataki iguswe. Meneja amefungua ofisi chini ya meza. Ukitaka kuingia unabisha, na hata ukibisha haingii mtu.

Swali lako nimeuliza, tena kwa ufundi, nikiwa namenya viazi. Mama kasema hujaugua. Mwaka nilipougua mimi ulikuwa kwa shangazi, ukakaa huko mpaka nikapona. Kwa hiyo wewe bado, dada. Una deni na vipele. Kwa nini umeuliza, unatafuta ugonjwa wa kuombea likizo? Mwambie msimamizi una goti kama la mama.

Na la mwalimu nimelifanyia kazi, usiseme sikusikii. Nilirudi mara ya tatu, nikakaa kibarazani, nikamuuliza kama mtu na mtu. Kasema: "Kijana, mimi nipo darasani mpaka saa tisa. Mke wangu yuko dukani kwa mtu. Nyumbani kuna mdogo wake wa miaka mitatu na yeye wa miaka tisa. Nimwache hapa na jiko na kiberiti, au nimpeleke kwenye masomo akae chini ya macho ya mtu mzima? Amri yenu imeandikwa na mtu mwenye dada wa kazi." Nikaandika yote. Sikujua niweke alama ya kufuata au ya kutofuata, nikaweka ya kutofuata, maana mtoto alitoka.

Tangu siku hiyo nauliza kila nyumba: mchana hapa anabaki nani? Dada, hii ni akili kubwa niliyogundua, muuguzi mwenyewe hakuwa nayo kwenye fomu. Katika nyumba arobaini na moja, kumi na saba tu ndizo zilizomweka mtoto ndani siku zote. Na katika hizo kumi na saba, kumi na tano kuna mtu mzima asiyetoka: bibi, mjamzito, babu mwenye mguu mbovu. Si kwamba wana utii. Wana mtu.

Kinyozi wa njia panda alimfungia wake ndani ya banda la kunyolea, nyuma ya pazia, wateja wanakaa kunyolewa huku pazia linajikuna. Mlinzi wa ghala analala mchana kwa sababu ya zamu, mwanawe anatokea dirishani, anacheza, anarudi dirishani, baba akiamka anamkuta kitandani kama malaika, miguu myeusi kama makaa. Nilimwambia: "Mzee, mwanao amesafiri." Kasema: "Wapi, na mimi nipo hapa?" Nikasema: "Upo, lakini hupo." Alitaka kunipiga.

Lakini kwa kweli watu ni wazembe pia, tusiwarembe. Mtu akipanga vizuri inawezekana. Mimi ningepanga.

Muuguzi amesema fomu zangu zina maelezo kuliko alivyoomba. Kisha akasema mwezi wa sita kuna nafasi moja ya kudumu. Akarudi kwenye fomu zake. Mimi moyoni napiga vigelegele.

Mkaguzi


Tarehe 8 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inawakuta wote wazima, mama na ndoo yake, Meneja na ofisi yake. Mimi niko vizuri. Hapa mvua imeanza, bati la bweni letu linavuja juu ya kitanda cha mwenzangu, si changu.

Sasa nisome polepole, na usisome kwa sauti.

Nina mimba. Miezi minne inaingia. Mwenyewe ni fundi wa mashine wa hapahapa kiwandani, mtu mtulivu, anarekebisha vitu bila kuvitukana. Ameshawaambia wazee wake, tumepanga chumba, tutahamia mwisho wa mwezi. Mama sijamwambia. Habari hii siitumi kwa posta, nataka nimwambie nikiwa nimekaa mbele yake, anitazame. Aliposikia ya mimba ya Meneja aliisikia kwa watu, na mimi ndiye niliyechelewa. Sirudii kosa hilo. Kwa hiyo wewe hujui kitu.

Nimepewa likizo ya siku tano. Nitafika kwa basi la mchana tarehe 26 mwezi huu.

Lakini daktari aliyenipima, nilipomwambia mtaani kwetu kuna tetekuwanga na sijawahi kuugua, aliweka kalamu chini. Amesema ugonjwa huo kwa mtoto ni mchezo, kwa mjamzito asiyewahi kuugua si mchezo. Unaweza kushuka kwenye mapafu yake, unaweza kumdhuru aliye tumboni. Amesema nisikae nyumba moja na mgonjwa, hata saa moja. Kuhusu mtaa sijali, nitatoka kituoni moja kwa moja mpaka ndani na sitatoka.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, si kama mdogo wangu, bali kama mtu wa zahanati: nyumbani kwetu kuna tetekuwanga? Kama ipo, nitahamisha likizo mpaka mwezi wa sita, haitaniua. Kama haipo, nakuja. Nijibu ndiyo au hapana.

Mwaka mmoja na nusu sijamwona mwanangu. Usiniandikie hadithi, nijibu tu.

Dada yako


Tarehe 17 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hongera sana. Mama hajambo. Hapana. Njoo.

Mdogo wako


Tarehe 2 Mei

Domo,

Nimefika salama, nilitaka ujue hilo kwanza. Basi la kurudi lilikuja saa kumi na moja. Asubuhi yake nikaingia kazini, siku tatu za likizo nimezirudisha kwa msimamizi naye akazipokea bila kuuliza.

Mama hajambo? Sina njia ya kujua ila kwako, na sasa sijui nikuulizeje.

Watu wa kituoni lazima walituona vichaa. Mimi nimekaa juu ya begi langu upande huu wa barabara, wewe umesimama upande wa pili kama mlingoti, magari yanapita katikati. Ulipopiga kelele "Dada usije, kuna vipele nyumbani!" yule mama wa karanga alihamisha meza yake. Nilikwambia ubaki hapohapo ulipo, ukabaki. Saa nne nzima. Hatukusema hata maneno ishirini. Nilikuona unafungua mdomo mara kadhaa, unaufunga. Sijawahi kukuona hivyo tangu uzaliwe.

Nina mambo mawili ya kusema. La kwanza, nilipopata ile barua yako ya tarehe 17 nilishtuka. Wewe huwezi kuomba chumvi kwa mstari mmoja. Nikajiambia ana kazi nyingi. Nilitaka sana kuja, ndiyo maana nikajiambia hivyo. Hilo ni langu, silitupi kwako.

La pili ni lako. Nataka niandikiwe yote, tangu mwanzo, bila mapambo. Nani aliugua, lini, ulijua lini.

Dada


Tarehe 12 Mei

Dada,

Shikamoo. Barua imechelewa kwa sababu mama alikuwa mgonjwa, na sasa anapata nafuu, nimeona niandike nikiwa na habari ya kumalizia.

Meneja alitoka vipele tarehe 13 Aprili, Jumatatu asubuhi, viwili shingoni na kimoja kwenye kope. Barua yako ya mimba niliipata tarehe 16. Kwa hiyo nilipokuandikia hapana nilikuwa najua.

Nilipiga hesabu. Siku kumi kutoka tarehe 13 ni tarehe 23. Wewe unafika tarehe 26. Niliona kuna siku tatu za akiba. Nikasema nikimwambia ndiyo hatakuja, na Meneja amekuwa anauliza kila siku, na mama, na mimi pia. Nikasema hapana ni ya tarehe 26, si ya tarehe 17. Nilijiona mwerevu sana. Nililala vizuri, sikufichi.

Tatizo lilikuwa mchana. Chekechea hawampokei mwenye vipele. Jirani anayemshika saa za mchana ana kichanga, alinifungia mlango kwa upole. Mama akikosa kazi siku mbili wanamweka mwingine, wapo kumi getini. Na mimi nikikosa, nafasi ya mwezi wa sita ndiyo hiyo imekwenda. Basi nikawaza hivi: mimi siku nzima naingia kwenye nyumba zenye tetekuwanga. Watoto wa humo wanaumwa tayari. Nikienda na Meneja atamwambukiza nani? Nikamfunga kitambaa kichwani, nikampa fomu ya zamani na kalamu isiyo na wino, nikaenda naye. Siku tisa za kazi. Alifurahi sana, alikuwa anawakagua nyayo. Kwa kinyozi alimwambia: "Pazia hili ni chafu."

Siku ya kumi muuguzi aliniita. Mama mmoja alikuwa amefika zahanati akamuuliza: "Siku hizi mkaguzi ana msaidizi mwenye vipele, ndiyo utaratibu mpya?" Kumbe mtoto wake mwenyewe hakuwa na tetekuwanga, ulikuwa upele wa joto, wenzangu walikosea kuandika. Sasa anayo kweli.

Nilidhani muuguzi atapiga kelele. Alinivuta kiti. Kaniuliza mtoto ni wa nani, nikasema wa dada. Anaumwa tangu lini, nikasema. Nikamwambia na hesabu yangu, kwamba siku kumi zimeisha jana tarehe 23, ameshakauka, nikijua atanisifu. Kasema: "Sawa. Na anayelala naye?" Nikasema mama. Kasema: "Mama yako aliwahi kuugua?"

Dada, nimeingia nyumba arobaini na moja nikiuliza habari za mgonjwa tu. Sikuwahi kuuliza aliyelala pembeni yake.

Nilikimbia mpaka ofisi ya maji. Mama alikuwa anasuuza vikombe. Kasema hajaugua, tetekuwanga ilipofika kwao baba yake aliwahamishia shambani wote tisa, wakakaa huko mwezi mzima mpaka ikapita. Babu yetu ameifuata amri kuliko mtaa wangu wote. Nikarudi zahanati, muuguzi akanifafanulia: ukishaambukizwa, unakaa siku kumi mpaka ishirini na moja bila dalili, na siku mbili kabla ya vipele tayari unagawa. Hiyo ilikuwa Ijumaa tarehe 24, jioni. Jumamosi asubuhi nikapiga simu kiwandani, najua ulinikataza. Msimamizi kasema umeondoka jana yake, umepitia kwa wakwe. Ndiyo maana nikawa kituoni Jumapili tangu saa mbili asubuhi.

Mama alitoka vipele tarehe 28. Ungefika, siku hizo mbili ungekuwa umelala naye kitanda kimoja, unamjua mama.

Kwa mtu mzima si mchezo, daktari wako hakudanganya. Siku tatu hakujua mimi ni nani. Vipele mpaka ndani ya mdomo, alikuwa anakunywa maji kwa kijiko. Kikohozi kilipoanza muuguzi alikuja mwenyewe nyumbani mara mbili kwa siku, akamsikiliza kifua. Sasa anakaa, anakula mkate uliolowekwa. Ofisi ya maji wameweka mwingine.

Nimemwambia mama kwamba hukuja kwa sababu ya kazi. Ya mimba sijasema.

Meneja amepona, ana kovu moja kwenye kope. Muuguzi alinivua kitambulisho. Nipo nyumbani na mgonjwa wangu. Kaniachia tu fomu ya nyumba yetu, niijaze mwenyewe. Nimeijaza.

Mdogo wako


Tarehe 20 Mei

Mdogo wangu,

Namshukuru muuguzi wenu, umwambie hivyo, na umwambie jina langu. Mpe mama pole. Mwambie nitamwandikia barua yake peke yake wiki hii, na humo nitamwambia mwenyewe lile la kumwambia. Nilitaka anitazame, basi, atatazama karatasi. Msomee kwa sauti na usiruke kitu.

Daktari amenipima tena. Mtoto anacheza. Tumehamia kwenye chumba, kina dirisha na mlango unaofungwa. Hapa jirani yupo bibi mmoja asiyetoka, na chekechea ipo hatua mia.

Nimekaa na barua yako siku mbili. Sijakasirika kuhusu mchana. Najua mchana ni nini, mimi nimemwacha mwanangu miaka na miaka kwa sababu ya mchana. Wala sijakasirika kwamba ulimpitisha mitaani, ingawa mama wa yule mtoto mwenye upele wa joto ana haki ya kukukasirikia, na natumaini umeenda kumwomba radhi bila kumchekesha. Kilichonikaa ni kwamba uliweka akiba ya siku tatu juu ya mtoto wangu, ukalala vizuri.

Nina swali moja, na jibu lako ndilo litakaloamua kitu. Kama yule mama asingekwenda zahanati kusema, na muuguzi asingekuuliza, mimi ningeshuka kwenye basi tarehe 26. Ungenipokea. Je, ungeniambia? Mlangoni, au njiani, au hata kabla sijalala: dada, Meneja aliumwa. Ungeniambia?

Kama ungeniambia, Meneja atabaki kwenu mpaka nijifungue, maana amemzoea mama, na wewe, nakiri, anakupenda kuliko anavyonipenda mimi. Kama usingeniambia, shemeji yako atakuja kumchukua. Yeye tetekuwanga aliugua akiwa darasa la kwanza, nimemuuliza mama yake, si yeye.

Usiharakishe.

Dada yako


Tarehe 28 Mei

Dada,

Shikamoo. Mama ametembea leo mpaka barabarani na kurudi. Barua yake nimemsomea jana, sikuruka. Aliniambia niisome tena ile sehemu ya katikati, nikaisoma, halafu akaichukua akaiweka chini ya mto ingawa hajui kusoma. Jioni akauliza shemeji anakula nini. Nimeona nikuandikie hivyo, utajua mwenyewe maana yake.

Kwa mama wa upele wa joto nimekwenda. Sikumchekesha. Alinipa kiti, akaniacha nimekaa peke yangu mpaka nikaondoka, na mimi nilikaa.

Muuguzi amenirudisha kazini, bila ahadi ya mwezi wa sita. Fomu mpya ina mstari wa kuuliza nani mwingine analala chumba cha mgonjwa na kama aliwahi kuugua. Naandika majibu nyumba kwa nyumba. Watu wengi hawajui. Wanawaita mama zao wakubwa kutoka ndani kuuliza.

Sasa swali lako. Nilikuwa nalo siku nne. Siku ya kwanza niliandika kwamba ningekwambia, karatasi mbili zenye sababu nzuri kabisa, ungeamini, hata mimi niliamini nusu. Nimezichana.

Nisingekwambia. Ningekupokea begi, ningekucheka unavyotembea, ningefika nyumbani nikamfunika Meneja kile kigaga cha kwenye kope kwa kitambaa nikasema amejigonga. Ungemshika, ungelala na mama, na mimi ningekaa kibarazani nikihesabu siku kimoyomoyo, na kila siku ambayo hukuumwa ningejipongeza. Hata ungeumwa, nadhani ningesema umeipata ndani ya basi.

Shemeji aje Jumamosi, siku hiyo siendi kwenye nyumba za watu. Nguo za Meneja nimefua, zimekauka, viatu vyake vimebana kidogo vidole, mnunulieni vingine. Anakula polepole, msimharakishe. Akiwa na homa hasemi, anakaa chini ya meza, ndiyo utajua. Nimemwambia anakwenda kwa mama yake. Kauliza mimi nakuja lini, nikamwambia sijaitwa.

Mdogo wako